Alaina kwa watu wazima ambao meno yamevurugika kweli kweli: maswali mnayouliza kila siku

Nafanya kazi na daktari wa meno hapa Mwanza, mimi ndo nashika mrija wa mate, naandaa vifaa, napokea simu, na mwenyewe nimezivaa hizi plastiki miezi 26. Haya maswali yanajirudia mpaka mengine napigiwa saa tatu usiku nikiwa nasonga ugali. Sio daktari, kwa hiyo usiichukue hii kama cheti. Isome halafu ukienda kwa daktari muulize yale ya mdomo wako tu. Humu nikisema alaina namaanisha tiba nzima ya kunyoosha meno kwa plastiki, nikisema trei ni kile kipande kimoja unachovaa.

## Mwanzo kabisa

Alaina ni nini hasa na inasogezaje jino?

Ni trei nyembamba ya plastiki inayopitisha mwanga, inachongwa kufuata meno yako mwenyewe, ila sio vile yalivyo leo, ni vile yanavyotakiwa kuwa wiki mbili zijazo. Tofauti ni ndogo sana, kama robo ya milimita kwa jino, na ukiivaa ile tofauti ndo inasukuma. Wiki moja au mbili zikiisha unavaa inayofuata, hivyo hivyo mpaka seti iishe.

Watu wanadhani jino limepigiliwa kwenye mfupa kama msumari kwenye mbao, sivyo. Limeshikwa na nyuzi ndogo ndogo kuzunguka mzizi, ukilisukuma taratibu na kwa muda mrefu mfupa wa upande linakoelekea unaliwa na wa upande linakotoka unajengwa upya. Ikienda vizuri ni kama milimita moja kwa mwezi, na hakuna daktari wala pesa ya kuuharakisha mwili zaidi ya hapo.

Kampuni iliyozifanya zijulikane ni Align Technology, ilianzishwa California 1997, na bidhaa yao inaitwa Invisalign. Siku hizi kampuni ni nyingi, ila watu wanaita zote Invisalign kama bibi zetu wanavyoita kila dawa ya mswaki Colgate.

Nina miaka 47, si nimechelewa?

Umri wenyewe hauzuii. Kinachozuia ni fizi, kama mfupa unaoshika meno umeshaliwa na ugonjwa ukasukuma meno juu yake unakuwa unayalegeza tu. Kwa hiyo mtu mzima anaanza kwa kusafishwa, kuzibwa yaliyotoboka, kupimwa kina cha fizi kuzunguka meno na kupigwa eksirei. Wengine wanakasirika hapo, "nimekuja kunyoosha meno nyie mnanisafisha", lakini hiyo hatua ukiiruka utailipia mbele.

Tofauti nyingine na mtoto ni kwamba taya lako limeshamaliza kukua. Kwa mtoto daktari anaweza kutumia ukuaji kusogeza taya, kwako anasogeza meno ndani ya mfupa uliopo basi. Hilo linarudi kwenye swali la taya huko chini.

Kwa siku nivae saa ngapi?

Saa 20 mpaka 22. Maana yake kula, kunywa chai na kupiga mswaki vyote kwa pamoja visizidi saa mbili mpaka nne. Sisi watu wa chai ya asubuhi, chai ya saa nne, chapati ya saa kumi, hapo ndo tunaumbuka. Ukivaa saa 14 jino linasogea kidogo af linarudi, linasogea linarudi, trei ya nne haiingii, na unaanza kusema kifaa ni feki.

## Kesi ngumu

Kesi ngumu ni ipi? Mimi naona meno yangu yamepinda tu kidogo.

Ulichokiona kwenye kioo ni mbele. Daktari anaangalia meno ya juu na ya chini yanakutanaje ukiuma. Ngumu ni kama hizi: meno yamepandana kiasi kwamba hamna nafasi bila kung'oa, ya juu yameyafunika ya chini yote, ya mbele hayagusani kabisa hata ukiuma kwa nguvu, magego ya juu yanaangukia ndani ya yale ya chini, taya la chini limetangulia, au kuna magego yaling'olewa zamani na majirani wamelalia pengo. Hiyo ya mwisho ndo naona sana huku kwetu, jino liliuma ukiwa na miaka 19 likang'olewa, leo una miaka 40 na gego la nyuma limelala kama mtumbwi ufukweni.

Alaina zinaweza kweli hayo yote au ni matangazo?

Mengine zinaweza vizuri, mengine kwa shida, mengine haziwezi peke yake. Nitasema ninavyoona na ninavyowasikia madaktari wakibishana.

Mbele kusipokutana, mara nyingi alaina ni chaguo zuri, kwa sababu plastiki inafunika magego na inasaidia kuyazuia yasiote zaidi au kuyadidimiza kidogo, na mbele kunafunga. Meno ya juu kufunika ya chini ni kazi zaidi, inabidi ya chini yasawazishwe na wakati mwingine trei zinawekewa vigingi nyuma ya meno ya mbele ya juu. Kulizungusha jino la duara kama chonge au lile linalofuata nyuma yake ni shida, maana plastiki inateleza kama mkono wenye sabuni unaofungua chupa. Kulivuta jino lishuke nalo gumu. Na kusogeza jino zima pamoja na mzizi wake kuziba pengo ndo ngumu kuliko zote, kichwa kinawahi mzizi unabaki nyuma, jino linalala.

Kuna utafiti ulichapishwa 2020 na jarida la Marekani la madaktari wa kupanga meno, walipima seti ya kwanza ya trei wakakuta kwa wastani nusu tu ya msogeo uliochorwa kwenye kompyuta ndo ulitokea mdomoni. Nusu! Utafiti wa 2009 ulikuta asilimia 41. Kwa hiyo ile video nzuri unayooneshwa siku ya kwanza, meno yanajipanga kama askari, ni mpango, haijatokea bado. Daktari mzuri anaupanga akijua hilo, anazidisha pale anapojua plastiki itashindwa, na anakuambia mapema kwamba seti ya pili itakuwepo.

Vile vidoti wanavyobandika kwenye meno ni vya nini? Si walisema haionekani?

Ni vya dawa ile ile ya kuzibia meno, rangi ya jino, vinaipa plastiki mahali pa kushika. Kesi ngumu bila vidoti haiendi. Mimi nilikuwa navyo 17, na ukitoa trei kula ulimi unavigusa unahisi umeota meno mapya. Kwa mbali havionekani ila mtu mkikaa naye meza moja ataviona, usidanganywe.

Kwa watu wa huku niongeze hili. Sehemu za Mwanza, Shinyanga, Mara na Singida maji ya visima yana floraidi nyingi, wengi wetu meno yana rangi ya kahawia au madoa meupe toka utotoni. Kwenye jino la hivyo vidoti vinashika vibaya, vinadondoka dondoka. Daktari akijua anaandaa jino tofauti kidogo kabla ya kubandika, kwa hiyo mwambie ulikokulia na mlikunywa maji gani.

Daktari anataka kuchonga katikati ya meno yangu. Nikubali?

Anapitisha kimsasa chembamba kati ya jino na jino kupata nafasi, ni sehemu ndogo ya milimita kila mahali, mara nyingi haizidi nusu milimita kwa pande mbili kwa pamoja. Inafanyika kwenye ganda la nje tu na haiumi, ila sauti yake inakera. Faida nyingine, kwa watu wazima meno yaliyopandana yakinyooka huwa kunabaki vishimo vyeusi vya pembe tatu karibu na fizi, kuchonga kidogo kunavipunguza. Kama nafasi inayotakiwa ni kubwa sana kuchonga hakutoshi, hapo inakuja habari ya kung'oa.

Kung'oa meno mazima manne halafu nivae plastiki?

Inafanyika. Ila angalia nilichosema juu kuhusu mzizi kubaki nyuma, hii ndo kesi ambayo ningemuuliza daktari bila aibu, "Daktari, umeshamaliza ngapi za hivi, naomba nione picha za mwanzo na mwisho." Wengine wanaanza na bresi za waya miezi kadhaa mpaka pengo lifungwe af wanamalizia na alaina. Akikupendekezea hivyo usione kama anakushusha hadhi.

Taya la chini limetangulia, shangazi zangu wote wako hivyo. Alaina itarudisha?

Alaina inasogeza meno, haisogezi taya la mtu mzima. Tofauti ikiwa ndogo meno yanaweza kuinamishwa kidogo na raba za kuvuta zinazofungwa juu na chini, unazivaa mwenyewe kila siku, na uso unabaki kama ulivyo. Ikiwa kubwa dawa yake ni upasuaji wa taya, alaina au bresi zinatumika kabla na baada. Sio kila mtu anahitaji hilo. Kama unatafuna vizuri, taya haliumi na unafanana na shangazi unaowapenda, kukaa hivyo hivyo nalo ni jibu.

Hivyo hivyo kwa taya la juu jembamba, kwa mtu mzima plastiki inaweza kuyapanua meno kidogo tu kwa kuyainamisha nje.

Nina mwanya, lazima waufunge?

Hapana!! Programu za kompyuta mara nyingi zinaufunga bila kukuuliza, maana huko zilikotengenezwa mwanya ni kasoro. Huku mwanya ni uzuri, watu wameposwa kwa mwanya. Sema siku ya kwanza kwamba ubaki, na kabla hujakubali mpango angalia kwenye video kama upo. Mteja wetu mmoja aliona trei ya tisa mwanya umepungua akalia machozi.

## Kuishi nazo

Nile nini?

Chochote, maana unazitoa. Hapo ndo zinazishinda bresi. Sato, sangara, mahindi ya kuchoma, michembe, poa tu. Vitu viwili vya kuangalia: matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa) na nyama ngumu vinang'oa vidoti ukivutia meno ya pembeni, na muwa kuumenya kwa meno uache kabisa, menya kwa kisu ukate vipande vidogo. Dagaa hawana shida, ila miba na vichwa vinaganda kwenye vidoti, ukirudisha trei juu yake unashinda na harufu ya soko la samaki la Mwaloni mdomoni.

Zikiwa mdomoni ni maji ya kawaida tu. Chai ya moto inaipinda plastiki, na soda ni mbaya zaidi, sukari inajifungia kati ya plastiki na jino na mate hayafiki kuiosha, mtu anamaliza tiba meno yamenyooka na yana mistari ya kuoza.

Sina pa kupigia mswaki kazini, nauza sokoni.

Sukutua kwa maji safi kwa nguvu, suuza trei, rudisha, utapiga mswaki ukifika nyumbani. Kurudisha bila mswaki mara moja moja ni afadhali kuliko kukaa nje saa tano ukisubiri mswaki. Trei isuguliwe na mswaki laini na maji baridi, usiichemshe kama chupa ya mtoto. Na maji ya ziwa moja kwa moja hapana.

Zinauma? Na kuongea je, mimi nahubiri.

Siku mbili tatu za kila trei mpya meno yanakuwa yamebana, parasetamo inatosha. Badilisha usiku ukienda kulala. Kuongea, herufi "s" na "z" zinakuwa na kithembe siku chache, soma kitu kwa sauti nyumbani. Mchungaji wetu mmoja alianza Jumatatu, Jumapili alihubiri hakuna aliyejua, ila kwaya walimuuliza mbona leo umefupisha.

Nimepoteza trei, nifanyeje?

Kwanza piga simu, usijiamulie. Kwa kawaida utaambiwa ama urudie ya nyuma ama uingie inayofuata, inategemea umevaa hiyo siku ngapi. Kwa hiyo ile ya nyuma usiitupe. Zinapotea kwa njia moja kuu, mtu anaifunga kwenye tishu mgahawani, mhudumu anafuta meza, kwaheri. Nyingine imezama ziwani pale Kamanga mwenyewe akitapika kwenye kivuko. Nunua kasha na utembee nalo, na usiliache kwenye dashibodi ya gari juani.

## Hela, safari na nani wa kumwamini

Bei gani?

Sitaji, zinatofautiana sana na ukisoma mwakani zitakuwa zimebadilika. Ila uliza bei imebeba nini: seti za marekebisho ni bure mara ngapi na ndani ya miaka mingapi, kidoti kikidondoka unalipa, trei ikipotea, raba, kusafisha, riteina za mwisho (zile za kuzuia meno yasirudi yalikotoka). Mtu anaambiwa bei nzuri kumbe riteina pembeni, marekebisho pembeni. Bima nayo iulize, upate jibu kwa maandishi kabla ya kulipa, wengi wanaichukulia kama urembo.

Daktari yeyote wa meno anaweza?

Kesi nyepesi, daktari wa meno wa kawaida aliyejifunza mfumo husika anaweza. Ngumu nenda kwa bingwa wa kupanga meno, au angalau bingwa awe ameuona mpango wako. Usajili unaweza kuuliza Baraza la Madaktari Tanganyika. Anzia hospitali ya Bugando au kliniki yoyote yenye daktari wa meno aliyesajiliwa, wakueleze kama mtaalamu yupo karibu au utapewa rufaa.

Nikifanyia Dar nitaweza? Ni mbali.

Watu wanafanya, kuna ndege, na kuna basi la siku nzima kama una moyo. Ukaguzi huwa kila wiki 6 mpaka 10, unapewa trei kadhaa mkononi. Katikati unatuma picha kwa WhatsApp. Picha inaonesha kama trei imekaa, haioneshi kina cha fizi wala mzizi, kwa hiyo sio mbadala wa kiti. Kinachosaidia ni daktari wako wa huku kukubali kusafisha na kurudishia vidoti, mkutanishe na yule wa Dar kwa simu kabla hujaanza. Wa Sengerema na Geita mnaokuja mjini angalau daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa 2025, ile ya "nimekwama kwenye foleni ya kivuko" siipokei tena.

Nimeona za kuagiza mtandaoni, unajipima mwenyewe kwa udongo wanakutumia. Rahisi mno.

Kwa kesi ngumu hapana, na kwa mtu mzima ambaye fizi zake hazijaangaliwa hapana mara mbili. Vidoti nani anakubandikia, eksirei nani kaiona? SmileDirectClub ya Marekani ilikuwa kubwa kweli kwenye biashara hiyo, Desemba 2023 ikafunga, wateja wakabaki na tiba katikati.

## Hali za pekee

Trei haikai vizuri, kuna nafasi juu ya jino moja.

Usisonge mbele. Jino limebaki nyuma, ukiendelea trei zinazofuata zitazidi kukaa vibaya. Tafuna kile kiraba cha kutafunia dakika kumi asubuhi na jioni, ongeza siku kwenye trei hiyo hiyo, tuma picha. Isipokaa, skani (picha ya kompyuta ya meno yako) inarudiwa na seti mpya inatengenezwa. Sio kufeli, kumbuka ile nusu niliyosema.

Nina meno ya bandia yaliyopandikizwa, au daraja (jino la bandia lililoshikizwa kwa meno ya jirani).

Jino lililopandikizwa kwenye mfupa halina zile nyuzi, halisogei milele, mpango unajengwa kulizunguka. Ndo maana kama una pengo usikimbilie kupandikiza kabla ya kunyoosha, labda daktari alitake kama nguzo. Daraja linafunga meno pamoja, huenda likakatwa. Kwenye kofia za kauri zinazofunika jino vidoti vinashika kwa tabu.

Nikipata mimba katikati?

Unaweza kuendelea, ila mwambie daktari mapema ili eksirei zisizo za haraka zisubiri. Fizi zinaweza kuvimba na kutoka damu, safisha zaidi. Ukitapika sukutua kwa maji, suuza trei, subiri nusu saa ndo upige mswaki.

Nina sukari. Nameza dawa za mifupa. Navuta sigara.

Sukari iliyodhibitiwa sio kizuizi, isiyodhibitiwa inakula fizi, anza na kliniki ya sukari. Dawa za kuimarisha mifupa, hasa sindano wanazopewa wagonjwa wa saratani, zitaje siku ya kwanza hata kama ulichoma zamani, zinabadilisha jinsi mfupa unavyojijenga na kung'oa jino kunakuwa hatari. Sigara inazifanya trei ziwe za manjano, hiyo ndogo, kubwa ni fizi.

Nimesikia mizizi inafupika.

Inatokea, kwa bresi na kwa alaina, kwa wengi ni kidogo isiyoleta shida. Kwa wachache inazidi, ndo maana eksirei inarudiwa katikati ya tiba ndefu. Daktari asiyetaka kurudia eksirei miaka miwili mizima, muulize kwa nini.

## Ukimaliza

Itachukua muda gani mpaka hapo?

Kesi ngumu hesabu mwaka na nusu mpaka miaka mitatu pamoja na marekebisho. Mimi niliambiwa miezi 18, ikawa 26, na miezi minne kati ya hiyo minane ya ziada ni uvivu wangu kipindi cha harusi ya mdogo wangu.

Riteina nivae mpaka lini?

Miezi ya mwanzo karibu muda wote, baadaye kila usiku, na ndio, usiku wa miaka yote. Nyuzi za fizi zinakumbuka jino lilikotoka, hasa lililokuwa limezunguka, na mapengo yaliyofungwa yanapenda kufunguka. Wengine wanagandishwa kiwaya nyuma ya meno ya mbele, ni kizuri ila kinakusanya ugaga, kinataka kusafishwa na daktari.

Riteina imepasuka na kliniki ni wiki ijayo.

Kama bado una trei yako ya mwisho na inaingia, vaa hiyo usiku mpaka siku ya miadi. Kama haiingii usilazimishe, piga simu leo leo uombe miadi ya mapema zaidi, manake kwa aliyemaliza juzi juzi wiki moja bila kitu mdomoni inatosha kabisa kulipindisha jino.